Darasa la malengo lililonigharimu shilingi 4,500 na kuku arobaini

Katikati ya mwaka 2025 binti yangu alikuwa amekaa kwenye kochi na karatasi ya shule mapajani, kalamu mdomoni. Watoto wa Gredi ya 9 walikuwa wakichagua njia za sekondari ya juu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kundi lao ndilo la kwanza la mtaala mpya wa umilisi wa Kenya kuingia Gredi ya 10, Januari 2026, kwa hiyo hakukuwa na kaka wala dada wa kumuuliza alipitaje. Hata hivyo yeye alishaamua kitambo. Kilichomsumbua ni kisanduku kimoja huku juu.

"Baba, hapa kwa kazi ya mzazi niandike nini?"

Nikafungua mdomo, nikakwama. Mimi ni fundi wa kuchomelea, nina karakana Kaptembwo, Nakuru, mwaka wa kumi na moja sasa. Lakini wiki hiyo nilikuwa pia mfugaji wa kuku kwa ubia na shemeji yangu, mwenye pikipiki ya boda inayoendeshwa na kijana mwingine, mkodishaji wa viti vya plastiki na hema moja lenye tundu, mwanachama wa chama cha kununua ploti, na mwanafunzi wa Kijerumani aliyefika somo la tatu akalala. Mama Shiro akajibu kutoka jikoni kabla yangu: "Andika biashara mbalimbali." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka sana.

Wiki mbili baadaye nikaona bango kwenye nguzo ya stima. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji, Desemba 2021, nguzo zetu hazipumziki: mganga wa mapenzi, ploti za Rongai, mikopo bila dhamana, na sasa hivi walimu wa mafanikio. Hili lilisema "Jua Unakoenda: Jumamosi Tatu". Nikapiga simu nikiwa bado nimeshika grainda mkono wa pili. Tangu nimalize darasa hilo, majirani wa karakana wananiuliza kama linafaa, na kila mara nawapa jibu nusu kwa sababu mteja anaingia. Hili hapa lote. Jina la wenyewe sitalitaja, kwa kuwa kuna mahali nitalalamika na sitaki kesi. Waliopitia pale watajua kwa zile ngazi.

Ngazi zenyewe ni za orofa tatu, jengo la zamani linalopakana na Kenyatta Avenue, lifti hakuna. Ukumbi una madirisha makubwa yanayotazama mlima Menengai, jambo zuri kwa macho na baya kwa mgongo, maana upepo wa asubuhi unapita kwenye fremu kama hakuna kioo. (Fremu zile zilichomelewa na mtu mwenye haraka. Nilizikagua wakati wa chai.) Ada ni shilingi 4,500 kwa Jumamosi tatu, saa tatu asubuhi hadi saa saba, na wanakubali ulipe kwa awamu mbili. Chai na mandazi mawili vimo. Kijitabu cha kuandikia hakimo: ni shilingi 600 zaidi, na hilo unaambiwa ukishaketi. Nilinunua kwa aibu ya kuwa wa kwanza kukataa. Usinunue. Daftari la kurasa tisini na sita kutoka kioski chochote linafanya kazi ile ile.

Tulikuwa watu ishirini na wawili. Muuguzi mmoja, akina mama wawili wa mitumba, mwalimu wa chekechea, vijana watatu wanaosoma Kijerumani tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa ajira Septemba 2024, mzee mmoja mstaafu aliyevaa tai Jumamosi zote tatu, na wengine. Mkufunzi ni mama wa miaka sitini hivi aliyefundisha hesabu sekondari maisha yake yote. Tulimwita Mwalimu tu. Yeye alituita "mwanangu" sote, isipokuwa yule mzee, na mimi akaniita "fundi" tangu dakika ya kwanza baada ya kuniona nikigusagusa mguu wa meza uliolegea.

Jumamosi ya kwanza ilianza saa nne kasoro dakika ishirini. Nusu yake ningeweza kuisoma bure kwenye simu. Projekta ikatuonyesha herufi tano maarufu za kupima lengo, SMART, ambazo Mmarekani George Doran alizichapisha mwaka 1981: liwe mahususi, lipimike, na kadhalika. Nina hakika zinawasaidia watu wa ofisi. Mimi nikisema "geti la futi kumi kwa saba, tubu ya inchi moja na nusu, Ijumaa jioni," nimezimaliza herufi zote tano na bado sijui maisha yangu yanaelekea wapi.

Kisha akachora vile visanduku vinne vya haraka na muhimu vinavyoitwa kwa jina la Rais Eisenhower. Mwalimu, kwa haki yake, alitueleza vizuri: Eisenhower mwenyewe, akihutubia mwaka 1954, alisema maneno yale kuhusu mambo ya haraka na mambo muhimu aliyasikia kwa mkuu mmoja wa chuo. Nilipenda hilo. Mtu mkubwa anataja alikochota maji.

Lakini visanduku vyenyewe vilinishinda. Nilijaza kila kitu kwenye kile cha kwanza, haraka na muhimu, mpaka nikaanza kuandika pembeni. Kuku wanakohoa, haraka. Boda imepasua tairi, haraka. Mteja wa Section 58 anataka geti lake kabla ya matanga, haraka kuliko haraka. Mwalimu akapita nyuma yangu, akasimama.

"Fundi, hivi vyote vina nini kinachofanana?"

Sikujua.

"Vyote vina namba ya simu. Kila kitu hapa kuna mtu wa kukupigia ukichelewa." Akaweka kidole kwenye kisanduku cha pili, kile cha muhimu kisicho na haraka, ambamo nilikuwa nimeandika neno moja tu, cheti. "Na hiki, nani anakupigia?"

Hakuna. Cheti hakipigi simu. Kwa sentensi hiyo peke yake nilisamehe zile dakika arobaini za kuchelewa.

Nieleze cheti. Kuchomelea nilifundishwa na mjomba, si chuo. Kwetu jua kali ukitaka karatasi unafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani: unaanza Grade III, unapanda Grade II, hadi Grade I. Nimewaambia watu tangu 2021 kwamba nitaufanya. Mwaka 2024 mkandarasi mmoja alikuwa na madirisha 46 ya shule, akapenda kazi yangu, akaniomba cheti cha kuambatanisha. Nikamtumia picha za mageti. Akaniandikia "picha nzuri sana boss", na madirisha yakaenda kwa mtu ambaye, naapa, hajui kunyoosha bawaba.

Kazi ya nyumbani ya wiki hiyo ilikuwa kuja na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita, imechapishwa. Unaiomba kwenye programu ya simu au kwa *334#, inakuja kwa barua pepe ikiwa imefungwa kwa namba ya siri, unaipeleka saiba. Yangu ilikuwa kurasa 43, shilingi kumi kila ukurasa. Kijana wa saiba akaniuliza kama nina kesi kortini.

Jumamosi ya pili nusura nidai pesa zangu. Tulikuta mgeni mwenye suti amesimama mbele, na kwa saa mbili nzima, saa mbili ambazo tulikuwa tumelipia, alitueleza jinsi ya kuwa tajiri kwa kuuza vidonge vya lishe na kuwaandikisha ndugu zetu chini yetu. Mwalimu alikaa kwenye kona akiangalia sakafu. Nilipata habari baadaye kwamba mwenye ukumbi ndiye aliyemleta, sehemu ya makubaliano ya kodi. Sawa, lakini mimi sikuwa sehemu ya makubaliano hayo. Watu wanne waliondoka na hawakurudi, na siwalaumu. Ukienda, uliza kabla ya kulipa: kuna mgeni? Wakigugumia, omba punguzo.

Kilichofuata baada ya chai ndicho kilichonifanya niandike hapa badala ya kunung'unika tu.

Mwalimu akagawa kalamu za rangi. Akasema tupitie kurasa zetu mstari kwa mstari, tuache chakula, kodi, karo na hospitali, hayo ni ya kila mtu. Halafu kila mpango wetu tuupe rangi moja. Kuku wangu wakapata njano. Boda kijani. Chama cha ploti buluu. Viti na hema zambarau. Kubeti nikakupa waridi, kwa sauti ya chini, nikiegemea ili jirani asione. Cheti nikakiwekea nyekundu, rangi ya heshima, nikaiweka ile kalamu kando ikisubiri zamu yake.

Ukumbi ulinyamaza kama darasa la mtihani. Ulisikia karatasi tu, na mara moja moja mtu akivuta pumzi. Muuguzi alianza kucheka peke yake halafu akaacha. Mimi nilikuwa na ukurasa wa 17 mbele yangu, mwezi wa tatu, na ulikuwa njano kutoka juu mpaka chini: chakula cha kuku, chanjo, chakula cha kuku, balbu ya vifaranga, chakula cha kuku, kisha shemeji amenirudishia 1,500, kisha chakula cha kuku, na katikati pale nilikuwa nimefuliza ili kuku wale. Yaani nimekopa, kwa ada ya kila siku, ili ndege wapate kifungua kinywa.

Tukajumlisha. Kwa miezi sita kuku walikula shilingi 38,600 na kurudisha 21,400. Boda ilipaswa kuniletea 300 kila siku ya kazi. Zilizofika ni 29,100, na tairi, breki, bima na "boss leo askari wamenishika" zikachukua 24,750. Chama cha ploti 18,000 bila kukosa, kwa ploti ambayo nikiulizwa iko wapi nasema "huko mbele ya Rongai". Waridi ilikuwa 6,240, vipande vya kama hamsini na mia, vingi vya usiku wa Jumamosi. Nilikuwa nimejidanganya kwamba nabeti kidogo tu, na kila mstari kweli ulikuwa kidogo.

Nyekundu ilikuwa sifuri.

Nilidhani nimeruka. Nikarudia kurasa zote 43 kutoka mwisho kurudi mwanzo. Hakuna ada, hakuna nauli ya kwenda kuuliza, hakuna hata rodi za mazoezi. Ile kalamu nilikuwa sijaifungua kifuniko. Miaka minne nimekuwa nikisema cheti ndicho cha kwanza, na kwa miezi sita cha kwanza hakikupata shilingi.

Mwalimu hakunihubiria. Aliuliza swali la ufundi: "Ukitengeneza geti, unaanza kwa kuchomelea?"

Nikamwambia hapana, Mwalimu, huwezi. Unakata tubu, unazipanga chini, unapiga nukta ndogo kila kona. Sisi tunaita kutaki. Halafu unapima kutoka kona hadi kona, mara mbili, kama herufi X. Vipimo vikilingana, kona zako ziko sawa, jaza rodi. Visipolingana, nukta ni ndogo, unagonga nyundo kidogo, fremu inasogea, unapima tena. Ukijaza kona zote kabla ya kupima, umeharibu. Dawa ni grainda, na grainda inakula chuma chako na stima yako.

"Sasa hapa," akasema akigonga karatasi yangu yenye rangi, "kipi umekitaki na kipi umeshakijaza rodi?"

Nikaangalia. Kuku nilijenga banda la mabati la kudumu kabla sijafuga hata kumi. Boda nilinunua kwa mkopo kabla sijajua nani ataendesha. Viti nilinunua hamsini. Kila kitu nilikuwa nimekijaza rodi siku ya kwanza, kwa sababu rafiki alisema kinalipa. Cheti peke yake sikuwahi kukipiga hata nukta moja. Mambo haya nayajua kwa chuma tangu nikiwa na miaka kumi na tisa.

Hapo ndipo akatueleza, kwa ukali kidogo wa mwalimu wa hesabu, lile neno tunalolitumia ovyo. Kipaumbele ni kitu unachokipa umbele. Huwezi kuvipa umbele vitu tisa. Hiyo inaitwa foleni iliyovunjika. Akatutuma nyumbani na jukumu baya kuliko ile taarifa: kila kitu tunachotaka kukirudisha nyuma, tuandike jina la mtu atakayeumia, na tumwone kabla ya Jumamosi.

Kwangu jina la kwanza lilikuwa shemeji, kaka yake Mama Shiro, na banda liko kwa mama mkwe. Hapo hakuna kalamu ya rangi. Nilikwenda Jumatano jioni na mkate na sukari kilo mbili, tukaongea mvua, tukaongea siasa, tukaongea mguu wa mama. Nilipofika kwenye kuku, shemeji alinyamaza, akasema: "Kwa hiyo umepata pesa za masomo ila za chakula cha kuku hazipo." Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, si kwa hilo. Nikamwambia, "Shemeji, hazikuwepo tangu mwanzo. Nilikuwa nakopa." Nikamwonyesha ule ukurasa wa 17. Alisoma wote, polepole, kidole kwenye kila mstari. Wiki mbili hakunipigia simu.

Chama sikuweza kuacha. Katiba yetu inasema ukitoka kabla ya mwaka kuisha unapoteza robo. Nikabaki mpaka Desemba nikijua kwa nini nabaki, na hilo lilinipunguzia uchungu wa kila tarehe tano.

Jumamosi ya tatu bango lilikuwa limeahidi kwamba tutapanda Menengai, tukae ukingoni juu ya lile shimo kubwa, kila mtu na daftari lake. Ilinyesha tangu alfajiri. Tukabaki ukumbini, Menengai yenyewe haionekani kwa ukungu, na hakuna aliyetaja kurudishiwa ile nauli tuliyokuwa tumechanga, shilingi 200 kila mtu. Naitaja mimi.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa karatasi moja kwa miezi mitatu. Upande wa mbele, jambo moja linalopewa umbele, siku na saa zake za wiki, na pesa zake. Chini yake mawili yanayoruhusiwa kuendelea. Upande wa nyuma, kichwa cha habari "Siyo sasa", na hapo unamwaga mengine yote, ili yasikusumbue kichwani ukidhani umeyasahau. Alisema mwanasaikolojia Bluma Zeigarnik aliandika mwaka 1927 jinsi kazi ambazo hazijaisha zinavyoganda akilini kuliko zilizokwisha. Naweza kuthibitisha. Lile hema lenye tundu nimeota juu yake.

Lakini siku hiyo ndiyo nilipoona mahali darasa hili linapoishia. Yule mzee wa tai aliinua mkono akasema kwa utaratibu, "Mwalimu, kwa umri wangu siyo sasa maana yake ni kamwe." Hakuna aliyepumua. Mwalimu alifikiri kwa muda mrefu, akamwambia, "Mzee wangu, basi wewe anzia upande wa nyuma." Mzee akageuza karatasi, akaandika, akaifunika kwa mkono. Nilidhani jibu zuri wakati ule. Nikilifikiria sasa naona lilikuwa jibu zuri la papo hapo, na alistahili zaidi ya hilo kwa 4,500.

Na mama mmoja wa mitumba, anayekaa Bondeni, alisema kitu ambacho hakikupata jibu kabisa. "Mimi vipaumbele vyangu vinapangwa na landilodi." Yeye taarifa yake ilikuwa na rangi moja tu, ya beli za mitumba, na iliyobaki ilikuwa kodi. Hakuwa na kuku wa kuuza wala boda ya kuachia. Darasa lote limejengwa kwa mtu mwenye vitu vingi mno mkononi, afundishwe kuweka chini. Asiye na cha kuweka chini anapewa chai. Mwalimu alimwambia watazungumza pembeni, na nikawaona wakizungumza, lakini yule mama aliniambia kwenye ngazi kwamba 4,500 ni kodi yake ya mwezi na angeijua mapema asingekuja. Ukiwa katika hali hiyo, msikilize yeye, usinisikilize mimi.

Baada ya darasa hakuna ufuatiliaji. Kuna kundi la WhatsApp, lilikuwa la ripoti za malengo kwa siku tisa, halafu likawa la maombi, halafu la kuuza parachichi. Yule bwana wa vidonge yumo.

Sasa mimi. Kuku arobaini niliuza Agosti, nusu ya pesa nikampelekea shemeji mkononi, akazihesabu na akanirudishia mia mbili "ya rodi". Tumeelewana. Pikipiki nimemuuzia yule kijana anayeiendesha. Analipa 300 kwa siku mpaka iishe, na tangu ianze kuwa yake askari hawamshiki tena, ajabu. Viti nimebaki navyo kwa sababu havili.

Jumanne na Alhamisi jioni, saa kumi na moja hadi moja, nilifunga karakana kwa wateja nikafanya mazoezi. Kuchomelea kwa kulaza naweza nikiwa usingizini. Kusimama, rodi ikipanda kutoka chini kwenda juu, ndiko kulinidhalilisha. Miaka yote mteja akileta kazi ya kusimama nilikuwa naigeuza ilale. Kwenye mtihani hugeuzi. Wiki tatu za kwanza chuma kilinitiririka kama kamasi za mtoto. Rafiki anayefundisha chuo cha ufundi akaja, akatazama, akasema tu, "Punguza moto, subiri kando, usichelewe katikati." Nilichoma pakiti mbili za geji 12 kabla sijaona ule mshono umepanda kama ngazi ndogo ndogo, magamba yanalingana. Nilimwita Mama Shiro aje auone. Akasema ni kizuri, ni kipande cha chuma.

Mtihani nilifanya mwisho wa mwaka, na Grade III ninayo. Sijatajirika. Kazi ya karatasi niliyoipata mpaka leo ni moja, reli za ngazi za zahanati. Novemba nilirudi kwenye rangi ya waridi kwa wiki nzima, nikapoteza 900, nikaandika kwenye daftari kwa sababu nilikuwa nimezoea kuandika. Kijerumani kiko upande wa nyuma.

Kwa hiyo darasa hili naliwekea saba kwa kumi. Ningetoa nane kama si zile saa mbili za vidonge, na tisa kama wangekuita tena baada ya miezi mitatu wakuulize uko wapi. Nenda kama una mikono miwili na mambo saba. Beba sweta, keti mbali na dirisha, chapisha taarifa yako pande zote mbili za karatasi, na ukiona projekta imewashwa una muda wa kunywa chai ya kwanza bila wasiwasi.

Januari nilimwita kijana wa kuandika mabango, yule mwenye kibanda karibu na stendi ya Kaptembwo, aje abadilishe bango la karakana. La zamani lilikuwa na mistari kumi na moja: mageti, madirisha, kuku wa kienyeji, viti vya kukodi, boda ya kuaminika, yote, na chini kabisa kwa herufi ndogo "uchomeleaji wa aina zote". Anatoza kwa herufi. Nikampa karatasi yenye mistari miwili, na "Grade III" mwishoni. Akaisoma, akageuza nyuma kuona kama kuna zaidi, akanitazama kwa huruma.

"Boss, biashara imeanguka?"

Nikamwambia apake nyeupe kwanza.